Mitlofu ya nusu kilo bila oveni: kwa nini moja ilimeguka na nyingine ikawa tofali

Swali: Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto 4, niko Morogoro. Shemeji yangu anaishi Marekani, Desemba alikuja likizo akatupikia nyama ya kusaga iliyookwa kama mkate, anaiita mitlofu, watoto mpaka leo wanaidai. Nimejaribu mwenyewe mara 2. Ya kwanza nilipoikata ikameguka yote ikawa kama kima kavu. Ya pili nikasema ngoja niikande vizuri ishikane, ikashikana kweli, ikawa ngumu mpaka mume wangu akauliza hii ni soseji au nini. Sina oveni, nina jiko la mkaa na gesi ya mtungi mdogo ule unaopachika jiko juu yake. Nyama ninayomudu ni nusu kilo na tuko 6. Inawezekana au niachane nayo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hiyo kilo nzima iliyopotea kwenye majaribio. Inawezekana, tena kwa nusu kilo hiyohiyo, maana hiki chakula chenyewe kimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye nusu kilo. Wajerumani wana yao wanaiita Hackbraten, na kuna aina wanaweka mayai ya kuchemsha katikati wanaiita falscher Hase, yaani sungura wa uongo, sasa hapo we mwenyewe unaona, mtu sungura hana kajitengenezea wa kima. Wahamiaji wa Kijerumani walifika nacho Marekani, halafu miaka ya 1930 kule uchumi ulipoanguka ajira zikapotea, ndo mitlofu ikawa chakula cha kila nyumba kwa sababu mama mwenye kipande kidogo cha nyama alikuwa anakisaga anakijazia mkate mkavu au oti, meza nzima inashiba. Kwa hiyo usiione kama chakula cha kizungu cha gharama, hapana, ni akili ya mtu aliyebanwa.

Na hapo ndo penye jibu la swali lako. Hujaniandikia uliweka nini ndani ila naweza kubashiri, uliweka nyama, kitunguu, viungo, labda yai, na mkate hukuweka au uliweka kidogo sana kwa kuona kama unachakachua nyama ya watoto. Mama wengi ninaowafundisha wanafanya hivyo, yaani mtu anaona aibu kuweka mkate. Sasa sikiliza, mkate uliolowekwa kwenye maziwa ndo unaofanya mitlofu iwe mitlofu. Nyama ikipata moto inajikunja na kujikamua maji yake, we mwenyewe umeshaona kima ikiwekwa kikaangoni inavyotoa maji halafu inabaki vipunje vikavu. Ukiweka mkate uliolowa, yale maji na mafuta yanayokamuliwa yanakuta pa kukaa, mkate unayanyonya unayashika humohumo, halafu tena mkate unakaa katikati ya nyama na nyama hivyo haziwezi kukamatana zikawa jiwe. Faida mbili kwa slesi tatu za mkate. Mtu wa Unguja au Mombasa hili halimshangazi hata kidogo, kwenye kababu za kima wengi wanaloweka mkate na kuvunjia yai humohumo, na mitlofu ukiitazama ni kababu moja kubwa iliyopikwa nzima badala ya kuviringwa vidogo vidogo. Ukishaielewa hivyo hofu inaisha.

Tuje kwenye tofali lako. Mumeo kauliza kama ni soseji na wala hajakosea, mpe hongera yake. Soseji ndivyo inavyotengenezwa, nyama ya kusaga inatiwa chumvi halafu inakandwa na kukandwa mpaka inatoa utelezi unaonata, chumvi inaivuta protini ya nyama inakuwa kama gundi na ikipikwa inakuwa kitu cha kudunda. We ulivyoikanda kama unga wa chapati ulikuwa unatengeneza soseji bila kujua. Na ile ya kwanza iliyomeguka, hapo naona mambo matatu: kitunguu kibichi kilichokatwa vipande vikubwa (kitunguu kinatoa maji mengi, kinaacha nyufa), hakukuwa na kitu cha kushikisha, na naweza kuapa uliikata ikiwa ya moto inafuka moshi watoto wamekuzunguka na sahani. Tutafika huko.

Kwanza buchani. Usiombe steki. Najua tumezoea kuona steki ndo nyama ya heshima, lakini kwa kazi hii steki ni hasara mara mbili, bei iko juu na haina mafuta, mitlofu yake lazima ikauke. Mwambie muuzaji akupe kidari au shingo, au kokote kwenye nyama laini yenye mafuta kidogo, kwenye nusu kilo mafuta yawe kama gramu 80 hadi 100 hivi, yaani mafuta uyaone kwa macho lakini nyama iwe ndo nyingi. Mashine ya kusagia iangalie kabla, kama ina mabaki yaliyokauka ya tangu asubuhi ondoka, au chukua nyama nzima ukaikate mwenyewe nyumbani kwa kisu kikali vipande vidogo vidogo kabisa, inachosha mkono ila inakuwa tamu kuliko ya mashine, mi nikiwa na muda nafanya hivyo. Ukisagiwa buchani isagwe ukiwa umesimama hapo, na ufike nayo nyumbani uipike siku hiyohiyo, kima haivumilii kama nyama nzima.

Vipimo vyangu kwa nusu kilo ni hivi. Mkate wa kawaida slesi 3, uliolala ndo mzuri zaidi, umeguemegue kwenye bakuli umwagie maziwa nusu kikombe kidogo cha chai, kama mililita 100, uache dakika 10 halafu uuponde kwa uma mpaka uwe kama uji mzito. Maziwa hakuna tumia maji au supu, ladha inapungua kidogo lakini kazi inafanyika. Kitunguu kimoja kikubwa ukikate kidogo sana, karoti moja uikwangue, vitunguu swaumu punje 3 na kipande cha tangawizi uvitwange, vyote hivyo uvikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka kitunguu kilainike na maji yakauke, HALAFU UVIPOZE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ukivimimina vya moto kwenye nyama mbichi mafuta ya nyama yanayeyuka kabla ya wakati na mchanganyiko unakuwa kama tope. Yai 1, chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pilipili manga nusu kijiko, binzari nyembamba kidogo ukipenda. Shemeji yako huenda hakuweka binzari, Wamarekani wengi hawaweki, mi naweka, hii ni nyumba yangu.

Kuchanganya sasa. Anza na mkate ulioponda, yai, chumvi, viungo na zile mboga zilizopoa, vyote vichanganyike vizuri kabla nyama haijaingia, hapo koroga utakavyo. Ukishaweka nyama, mkono uwe mwepesi, tumia ncha za vidole kama unachambua wali usishikane, geuza geuza mara kumi kumi na tano, ukiona huoni tena weupe wa mkate umejikusanya sehemu moja basi acha, toa mkono. Usifinye, usigonge gonge kwenye bakuli. Halafu chota kiasi cha kijiko kimoja ukikaange kwenye kikaango uonje, hii hatua watu wanairuka halafu wanalalamika chumvi, mara imezidi mara haipo, na nyama ikishaokwa hakuna unachoweza kurekebisha.

Kama mkate hauna, usikimbilie unga wa ngano. Unga mkavu kwenye kima unavuta maji yote na unageuka gundi ndani, tofali la pili hilo. Wali uliobaki jana unafaa sana, kikombe kimoja upondeponde kidogo. Kiazi mviringo kimoja kikubwa cha kuchemsha ukiponda kinafaa pia, inaelekea kwenye katlesi lakini nani atakushtaki. Oti kama unazo robo tatu ya kikombe, uloweke na maziwa vilevile. Ugali wa jana hapana, nimejaribu, unabaki mabonge mabonge na watoto wanayatoa pembeni ya sahani. Na mwezi ukiwa umekaba kweli, chukua nyama robo tatu ya hiyo nusu kilo yako, nafasi iliyobaki jaza dengu za kuchemsha zilizoiva kabisa ukazikausha maji na kuziponda, mwisho iwe kama theluthi moja ya mchanganyiko, ukizidisha hapo itaanza kumeguka na itakuwa na ladha ya dengu zaidi ya nyama.

Mapishi bila oveni. Kama umewahi kuoka keki kwa mkaa basi unajua tayari, ni ileile ya moto chini na moto juu. Chombo si lazima kile kirefu cha mkate, sufuria ndogo ya duara inatosha, utakata kama keki, ila mchanganyiko usizidi kimo cha vidole vinne hivi maana ukiwa mnene katikati itachelewa kuiva na pembeni itaungua. Makopo ya rangi na makopo yenye mikwaruzo ndani usitumie. Paka mafuta, au fanya ninavyofanya mimi, jani la mgomba lipitishe juu ya moto lilainike ulitandike ndani ya sufuria, nyama haigandi, unaitoa nzima kwa kushika ncha za jani na harufu yake ndo sitaki hata kuanza kuelezea.

Chukua sufuria kubwa nzito ya zamani ile ambayo hutaililia, weka mchanga mkavu safi kimo cha vidole viwili, ufunike na kuibandika kwenye mkaa dakika 15 ipate moto, ndipo uiingize ile ndogo ndani, ufunike kwa mfuniko bapa na kupalia makaa juu ya mfuniko. Chini makaa yawe machache, juu yawe mengi, watu wengi wanafanya kinyume na ndo maana chini inaungua juu bado mbichi. Mkono wako uweke kama shibri moja juu ya mfuniko, ukiweza kuvumilia mpaka uhesabu 4 au 5 basi moto ni wa wastani. Dakika 50 hadi saa 1 inatosha, usifunue funue, kila ukifunua joto linakimbia. Na hii kazi ifanyie nje au uwani penye hewa, jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama mvua inanyesha, moshi wake usioonekana unaua.

Kuhusu gesi yako hapo nataka unielewe vizuri. Mtungi ule mdogo wenye jiko juu yake USIUBANDIKIE sufuria kubwa ya mchanga saa nzima. Sufuria pana namna hiyo inarudisha joto chini kuelekea kwenye mtungi na kwenye koki, na uzito wenyewe si mchezo. Kwa gesi pika kwa mvuke. Sufuria ya kawaida isiyopita upana wa jiko lako, maji kidogo chini, weka kigoda cha chuma au hata kisahani cha bati kilichofunikwa kifudifudi, juu yake ndo ukalishe chombo chenye nyama ulichokifunika kwa foili au jani la mgomba ili matone ya maji yasiingie, funika, moto mdogo maji yachemke polepole, dakika 50 mpaka saa 1, ukiangalia maji yasikauke. Itatoka laini sana yenye maji yake, ila itakuwa imepauka, haina sura ya kupigia picha. Usijali, ikishapoa ikate slesi uzikaange kwa mafuta kidogo upande mmoja mmoja mpaka ziwe za kahawia. Nikuambie ukweli, mi hii ya mvuke halafu kukaanga naipenda kuliko ya kuoka, inakuwa na ukoko pande mbili wakati ya oveni ina ukoko juu peke yake. Wenzangu jikoni hatukubaliani kwa hili na sijabadilika.

Itajulikanaje imeiva? Hapa usicheze kwa sababu ni kima. Kipande cha nyama nzima vijidudu vinakaa nje, moto unavimaliza haraka, ndo maana mtu anakula steki yenye wekundu ndani na anapona, lakini nyama ikisagwa kilichokuwa nje kimeingia mpaka katikati. Wenye kipimajoto wanaambiwa katikati ifike nyuzi 71 za Selsiasi. We huna, basi choma kisu chembamba mpaka katikati kabisa ukihesabu polepole mpaka 10, kitoe, kiguse kwa uangalifu nyuma ya kidole, kama ni cha vuguvugu rudisha, kama kinachoma kiasi cha kutoa kidole haraka na maji yanayotoka hayana wekundu basi iongezee dakika 5 za kujihakikishia umalize. Rangi peke yake isikudanganye, kuna kima inageuka kahawia kabla haijaiva na kuna nyingine inabaki na upinki hata ikiwa imeiva.

Ile sosi nyekundu inayong'aa juu, nina hakika ndo watoto wanaikumbuka kuliko nyama yenyewe. Tomato sosi vijiko 3 vya chakula, sukari kijiko cha chai, ndimu nusu au siki kidogo, changanya upake dakika 15 za mwisho. Ukipaka mwanzo sukari inaungua inakuwa chungu. Kama chupa ya tomato sosi imeisha, kwangua nyanya 2 zilizoiva, zikaange mpaka zikauke ziwe nzito, tia sukari, chumvi na ndimu, na hii kwa kweli ni tamu zaidi kwa sababu inakuwa na nyanya kweli ndani yake. Kwa ile ya mvuke hutapaka, utamwagia juu ya slesi ukishakaanga.

Sasa kukata, ambako ndo ulikoharibia ile ya kwanza. Ikitoka motoni iache ndani ya chombo chake dakika 15, tena 20 kama watoto wanazuilika. Hapo ndani maji bado ni ya moto na yanahangaika, ukikata sasa hivi yanamwagika yote kwenye sinia, nyama inabaki kavu na inavunjika. Ikitulia, yale maji yanarudi kwenye mkate na yale mafuta yanaanza kuganda kidogo, inashikana yenyewe. Kisu kirefu chenye makali, usikate kwa kukandamiza, kata kwa kuvuta kama msumeno. Hiyo nusu kilo ukijumlisha mkate, maziwa, yai na mboga unapata mchanganyiko unaokaribia gramu 900 kabla ya kupika, kwa hiyo slesi 8 za unene wa kidole unazipata, nyie 6 mtakula moja moja na wali au viazi na kachumbari pembeni, mbili zinabaki.

Hizo mbili kama una friji zifunike ziingie mapema, zisikae mezani zaidi ya saa 2, na kwa joto lenu la Desemba na Januari hapo Morogoro hata saa 1 inatosha, zitakaa siku 2 au 3. Friji hakuna, maliza usiku huohuo, usiseme nitapasha asubuhi. Ikiwa ya baridi ndo inakatika vizuri kuliko wakati wowote, slesi nyembamba kabisa, unaitia kwenye chapati na kachumbari na pilipili kidogo unaviringa, mtoto anakula asubuhi kabla ya kwenda shule. Ukitaka mayai ndani kama wale wa sungura wa uongo, chemsha mayai 3, menya, yapange mstari katikati ya nyama na uyafunike, ukikata kila slesi ina jicho la yai kama egichopu, ila hapo ongeza slesi moja ya mkate kwenye mchanganyiko kwa sababu nyama itakayofunika inakuwa nyembamba na inapenda kupasuka pembeni.